"Shika" Isisikike "Fika"

Tulikuwa tumeshaiacha Makurunge nyuma, kijana wa bodaboda akipambana na mchanga kuelekea Saadani, mimi nyuma nimekumbatia begi. Mbele, upande wa kulia, nikaona shimo la kumeza tairi zima. Nikapaza sauti: "Shika kushoto!" Akapunguza mwendo, akageuza shingo kidogo.

"Bado hatujafika, mzee wangu."

Sikumlaumu. Shika na fika zinapishana kwa sauti moja ya mwanzo, nayo ni pumzi tupu inayochujika mdomoni, haina mlio wa koo wa kuibeba. Sauti za namna hiyo ndizo za kwanza kufa penye kelele. Na kelele juu ya pikipiki si injini, kama wengi tunavyodhani. Vipimo vilivyofanywa Uingereza miaka ya 1990 vilionyesha kwamba kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, upepo peke yake unafikisha takribani desibeli 90 masikioni mwa mwendeshaji, ndani ya kofia ngumu. Mazungumzo ya kawaida kwa umbali wa mita moja ni kama desibeli 60. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila 10 zinazoongezeka ni nguvu mara kumi, kwa hiyo upepo unamzidi msemaji mara elfu. Kofia haisaidii sana, maana upepo unavurugika kwenye kofia yenyewe na kupenya chini shingoni.

Marubani walilijua tatizo hili kabla yetu. Mwaka 1917, huko Gosport, Uingereza, Robert Smith-Barry alikuwa akifundisha urubani kwenye ndege zisizo na paa. Mwalimu aliongea na mwanafunzi kupitia mpira wa kupitisha sauti, kutoka mdomo wa mmoja mpaka sikio la mwingine. Hakuna betri, hakuna redio. Mpira ule ulifanya mambo mawili tu: uliichukua sauti karibu na mdomo na ukaukinga upepo. Ukiyakumbuka hayo mawili, mwenye duka hakudanganyi.

Maana dukani, ukienda kununua vifaa vya mawasiliano vya kofia, utaonyeshwa namba kubwa kwenye boksi: mita 800, mita 1,200, au zaidi. Hiyo ni ya watu wanaoendesha pikipiki mbili tofauti. Abiria wako yuko nusu mita nyuma ya kisogo chako! Vifaa hivi vingi hutumia Bluetooth, teknolojia iliyoanzia kampuni ya Ericsson mwaka 1994 na kupewa jina la mfalme wa kale wa Denmark. Katika mfumo wake wa awali husafiri kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ikirukaruka kati ya njia 79 mara 1,600 kila sekunde ili kukwepa mwingiliano. Hata daraja lake la nguvu ya kati, lile la simu nyingi, hufika mita kumi hivi. Kwa watu wawili kwenye siti moja, hizo ni nyingi kupita kiasi. Ndiyo maana sioni sababu ya wawili kujibana wanunue chapa kama Cardo au Sena zenye mtandao wa kundi zima la pikipiki, ilhali jozi ya Ejeas au FreedConn inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Pesa iende kwenye maiki. Ukiisogeza mpaka sentimita mbili kutoka mdomoni badala ya nane, sauti yako inapanda kama desibeli 12 na upepo unabaki palepale. Kofia iliyofunika kidevu inataka maiki ndogo ya kubandika ndani. Kofia ya uso wazi, kama nyingi za boda zetu, inataka ile yenye kijiti kinachokunjika. Wengi hununua isiyolingana na kofia, kisha wanalalamika. Sponji yake usiidharau wala kuitupa kwa kuona ni pambo. Ile ndiyo mpira wa Gosport.

Spika nazo zikae sawasawa na tundu la sikio. Zikipishana kwa vidole viwili tu, utaongeza sauti, na kuongeza sauti kuna deni lake: wataalamu wa usikivu kazini huruhusu saa nane kwenye desibeli 85, lakini dakika 15 tu kwenye 100. Muulize pia muuzaji kuhusu ubora wa sauti ya mazungumzo, si wa muziki. Mfumo wa zamani wa Bluetooth unakata mitetemo inayozidi takribani 4,000 kwa sekunde, na juu ya hapo ndiko sehemu kubwa ya "s" na "f" inakoishi. Mfumo mpya unafika karibu mara mbili ya hapo.

Mengine ni ya pwani. Chumvi ya Bagamoyo inakula tundu la chaji, kwa hiyo kifuniko chake cha mpira kiwe kinabana kweli. Betri ya lithiamu haipendi kofia iliyoachwa juani saa saba mchana. Chagua kifaa chenye vitufe vya kubonyezeka hata kwa mkono wenye jasho, na nunua viwili vya aina moja, kwa sababu chapa tofauti mara nyingi hugoma kuunganishwa.

Niliporudi Saadani mara ya pili tulikuwa na jozi ya bei ya chini kabisa. Mpaka Makurunge nilisikia mngurumo tu. Tukasimama chini ya mwembe, yule kijana akakivuta kijiti cha maiki yangu mpaka kikanigusa mdomo wa chini, akakirudisha nyuma kidogo tu. Tukaondoka. Lilipotokea shimo la kwanza nikapaza sauti kwa mazoea.

"Nimeshashika kushoto, mzee," akanijibu sikioni. "Ila usinipigie kelele, nipo hapahapa."