RAM ilifutwa, lakini hesabu ya unite zetu iko wapi?

Kama ulikuwa na simu hapa Kongo kati ya Septemba 2020 na mwanzo wa 2022, huna haja ya kuelezwa RAM ni nini. Uliweka unite kwenye kabini, ukageuka uende zako, na kabla ya kupiga hata mara moja ujumbe ukaingia: zimekatwa. Ulirudi kwa mwenye kabini. Yeye akaapa kwamba amezituma zote, na kweli alikuwa amezituma. Mabishano mengi ya chini ya parasoli miezi ile, iwe Goma, Bukavu, Beni au Uvira, yalianzia hapo: aliyekatwa hakumuona mkataji, akamlaumu aliyekuwa karibu.

Kwa Kifaransa ni Registre des Appareils Mobiles, yaani daftari la simu za mkononi. Liliwekwa chini ya ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano nchini, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya maana: kupambana na simu za bandia na za wizi. Kila simu ina namba yake ya tarakimu 15, inayoitwa IMEI. Bonyeza *#06# utaiona. Namba hiyo ikiwa kwenye daftari, simu iliyoibwa inaweza kufungwa kwenye mitandao yote, na aliyeiiba abaki na kipande cha plastiki mkononi. Nani atakataa hilo? Wakaaji wa miji yetu wanajua kunyang'anywa telefone jioni wakitoka kazini.

Shida ilikuwa bei, na namna ya kulipisha.

Simu ndogo ya 2G ilitakiwa kulipa dola 1 kwa mwaka. Simu ya 3G au 4G, dola 7, zikikatwa kwa mafungu. Fungu moja lilikuwa dola 1 na senti 17. Kwa wakati ule dola ilikuwa karibu franka 2000, kwa hiyo fungu hilo lilipita franka 2300. Sasa fikiria mama anayeuza makala na kununua unite za franka 500 kwa siku, ili amuulize mwenzake wa Masisi kama gari limeondoka. Kwake yeye RAM haikuwa jina la daftari. Ilikuwa siku tano bila kupiga simu.

Tena, bei haikuangalia mfuko. Mwanafunzi mwenye simu ya Kichina ya mtumba, kioo kimepasuka, alilipa dola 7 zilezile alizolipa mkubwa mwenye simu ya dola elfu moja. Ilimradi simu yake inashika 3G, basi. Na simu hiyo ndiyo duka lake, ndiyo maktaba yake, ndiyo benki yake.

Raia walipolalamika, waliambiwa kwamba RAM si kodi, ni malipo ya huduma. Maneno hayo yaliwachoma wengi kuliko hata kukatwa kwenyewe. Huduma mtu huiomba, akaonyeshwa bei, akakubali au akakataa. Hapa hapakuwa na kuuliza. Na kama ni kodi, basi kifungu cha 174 cha Katiba kiko wazi: kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria, yaani ipite bungeni. Kwa hiyo mwananchi alibaki katikati ya majibu mawili, na yote mawili yalimtoa pesa.

Kuna jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote. Kampuni ya simu ikikukata unite bila haki, unamshitakia nani? Unamshitakia msimamizi. Ndiyo kazi yake: kusimama kati ya kampuni kubwa na mtu mdogo. Lakini katika RAM, pesa ilikatwa kwa ajili ya mfumo wa msimamizi mwenyewe, na kampuni zikawa wakusanyaji tu. Ukiipigia kampuni, inakuambia si sisi, ni amri. Ukimtafuta aliyetoa amri, makao yake yako Gombe, Kinshasa, na wewe uko Butembo. Refa alikuwa amevaa jezi, akaingia uwanjani.

Vijana walishuka barabarani. Harakati ya LUCHA, iliyozaliwa Goma mwaka 2012, ilikuwa kati ya waliodai RAM iondolewe. Wengine walitafuta njia yao kimya kimya. Wakaaji wa mipakani wana mazoea ya kutumia laini za jirani pale mtandao wa Gisenyi au wa Bujumbura unapofika, na RAM iliwapa sababu moja zaidi. Hilo halikuisaidia nchi kwa lolote: pesa za mazungumzo ya mtu wa Goma anayempigia mtu wa Goma zinaenda kulipwa upande wa pili wa kizuizi.

Mwezi wa Oktoba 2021 jambo lilifika Bunge la Taifa. Mbunge Claude Misare, aliyechaguliwa Uvira, alimuuliza waziri wa posta na mawasiliano, Augustin Kibassa Maliba, kuhusu RAM, na wabunge wengi wakadai ifutwe. Haikufutwa siku hiyo wala mwezi huo. Unite ziliendelea kukatwa, hadi mwanzoni mwa 2022 serikali ilipotangaza kwamba imekwisha.

Watu walifurahi, halafu wakaanza kuuliza. Zilikusanywa ngapi? Ziligawanywa vipi? Ni simu ngapi za wizi zilizofungwa kwa daftari lile? Mashirika ya raia yaliomba ukaguzi, na swali la mwisho hilo linamhusu kila aliyekatwa, maana ndiyo huduma aliyoambiwa analipia. Kufutwa kwa RAM hakukurudisha hata franka moja kwenye laini ya yule mama wa makala.

Na bado tuna namba zetu fupi. Unapokea ujumbe wa wimbo, wa mchezo, wa maneno ya mapenzi. Unabonyeza 1 bila kujua, au mtoto amebonyeza, na kuanzia hapo kila siku kinaondoka kidogo. Ukiona unite zinapungua hujapiga simu, usimgombeze wa kabini. Piga picha ya ujumbe, andika saa na kiasi, uliza kampuni yako ni huduma gani umeandikishwa na uombe itolewe. Wakikataa, omba jibu la maandishi. Mwaka 2021 wengi wetu hatukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha, tulikuwa na hasira tu.