Nyama Nyembamba, Kuni Chache

Mama wa Nkoma, katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, akisha kuvuna viazi vitamu huvikata vipande vyembamba na kuvianika juani vikawa michembe. Hafanyi hivyo kwa urembo. Ajua kwamba kipande chembamba hukauka upesi kabla hakijaoza. Kanuni hiyo, ikihamishwa kutoka kwenye kiazi hadi kwenye nyama, na kutoka juani hadi motoni, ndiyo msingi wa chakula mashuhuri cha mji wa Vienna, nchini Austria, kiitwacho shinitseli. Neno hilo katika Kijerumani lina maana ya kipande kilichokatwa.

Huko Vienna nyama itumikayo ni ya ndama, na sheria ya Austria hairuhusu nyama nyingine iuzwe kwa jina hilo la Vienna bila kutajwa wazi. Nyama hupondwa mpaka iwe nyembamba, huviringishwa katika unga, kisha katika yai lililopigwa, kisha katika chembe za mkate mkavu, na kukaangwa katika mafuta mengi. Huliwa ingali moto, pamoja na limau na viazi. Raha yake imo katika kukutana kwa vitu viwili: ganda kavu livunjikalo kwa sauti, na nyama laini iliyohifadhi maji yake.

Nkoma si Vienna. Kwa Msukuma ng'ombe ni mahari, ni akiba, tena ni mvuta plau. Ni nani basi atakayechinja ndama? Achinjwaye mara nyingi ni maksai aliyezeeka kazini. Nyama ya mnyama huyo ni ngumu kwa sababu nyuzi zake zimefungwa na utando wa kolajeni, ambao hukaza kadiri umri unavyozidi. Utando huo ukichemshwa kwa muda mrefu hugeuka jelatini, ndiyo maana supu yake ni tamu. Lakini kuchemsha huko hudai saa nyingi za moto, na kuni ni haba. Ufyekaji wa mapori kwa ajili ya kupambana na mbung'o na kupanua mashamba ya pamba uliiacha sehemu kubwa ya Usukuma bila miti. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, wakati Bariadi na Itilima zingali katika mkoa huo, ili kurudisha miti na ngitili.

Hapa ndipo wembamba unapotufaa. Muda unaohitajika ili joto lifike katikati ya nyama hufuata mraba wa unene wake. Unene ukipunguzwa nusu, muda hupungua hadi robo. Kipande cha milimita 20 kikifanywa milimita 5, muda huwa sehemu moja ya kumi na sita. Aidha, kuponda hukata nyuzi na kuupasua utando, kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na moto.

Ganda nalo lina kazi yake. Unga hufyonza unyevu wa juu, yai huganda na kushika chembe, na chembe hupokea ukali wa mafuta badala ya nyama. Rangi ya dhahabu na harufu yake hutokana na mwingiliano wa protini na sukari, jambo lililoelezwa na mwanasayansi Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912.

Vifaa vyote vyapatikana kijijini. Chagua nyama ya sarara au paja, uikate kwa kukingama nyuzi, uiponde kwa mchi. Mkate usipokuwapo, andazi lililokauka na kusagwa litafaa. Mafuta ya mbegu za pamba, zao kuu la Simiyu, yanafaa sana, mradi yawe yamesafishwa kiwandani, kwani mbegu hizo zina sumu iitwayo gosipoli. Tia chembe moja ya mkate; ikichemka papo hapo, mafuta yako tayari. Kaanga pande zote mpaka wekundu wa ndani utoweke, ili mayai ya tegu yaliyokwisha kuwa malengelenge katika nyama yafe.

Mifupa na kongoro ziachiwe chungu cha supu, kwani hizo hazipondeki. Lakini mnofu hauna haja ya kungoja saa tatu mafigani. Tuliokwisha kuukata wembamba ule wa michembe tunao ujuzi tayari. Limebaki kuuhamishia kwenye nyama, na mzigo wa kuni kichwani mwa mama utapungua.