Taarab katika Maisha ya Wazanzibari
Taarab ilikita mizizi Unguja katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ilitoka Misri, pamoja na ala za udi na kanuni, na mwanzoni iliimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905. Aliyeifikisha taarab kwa watu wa kawaida ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeimba kwa Kiswahili yaliyowagusa: mapenzi, dhuluma, maisha ya mtaani. Mwaka 1928 alirekodi Bombay, na santuri zake zikasikika pwani nzima. Heshima yake haijapata mfano.

Nguvu ya taarab imo katika fumbo. Mwimbaji hamtaji mtu. Msikilizaji ndiye anayejaza jina. Arusini, mwanamke huinuka taratibu, akacheza hadi jukwaani na kumtunza mwimbaji kwenye ubeti uliomgusa, huku mlengwa akijijua. Hivyo wivu, uchungu na mahaba, ambayo staha hairuhusu yasemwe wazi, hupata njia ya kutoka bila ugomvi, ingawa mipasho ya miaka ya karibuni, inayosema waziwazi, hupunguza fumbo hilo.