Umuhimu wa Nyaraka za Upangaji katika Usanifu wa Michezo ya Video

Mchezo wa video hutengenezwa na watu wa taaluma mbalimbali. Msanifu hubuni kanuni, mchoraji huunda wahusika na mandhari, mtaalamu wa programu huandika msimbo, na mtunzi hushughulikia sauti. Kila mmoja huwa na taswira yake ya mchezo unaokusudiwa. Waraka wa usanifu huziweka taswira hizo mahali pamoja, ili tofauti zionekane kabla hazijagharimu kazi ya miezi mingi.

Kwa kawaida, waraka huo hueleza lengo la mchezaji, matendo anayoruhusiwa, kanuni za kushinda na kushindwa, mpangilio wa hatua, pamoja na ratiba. Thamani yake hutegemea uwazi. Maelezo kama "adui awe mkali" humwacha kila mtu afasiri apendavyo. Kinyume chake, maelezo kwamba adui huanguka baada ya mapigo matatu humwezesha mtaalamu wa programu kuandika, mchoraji kuchora na mjaribu kupima.

Historia ya mchezo wa Doom inadhihirisha hoja hii. Mwaka 1992, Tom Hall wa kampuni ya id Software, nchini Marekani, aliandika waraka mrefu uliojulikana kama Doom Bible. Ndani yake mlikuwa na hadithi pana na wahusika kadhaa wa kuchaguliwa na mchezaji. John Carmack, mtaalamu mkuu wa programu, alitaka mchezo wenye kasi na hadithi fupi. Sehemu kubwa ya waraka iliwekwa kando, na Hall akaondoka mwaka 1993, kabla mchezo haujatolewa mwezi Desemba. Waraka haukuondoa mgogoro huo, bali uliuweka bayana: kila upande uliweza kuonyesha ni nini hasa ulichokitaka au kukikataa.

Mfano wa pili ni Diablo. Pendekezo lililoandikwa na kampuni ya Condor mwaka 1994 lilieleza mchezo wa kupigana kwa zamu, katika mapango yanayopangwa upya kila mchezo unapoanza. Baadaye mapigano yaligeuzwa kuwa ya papo kwa papo, lakini mapango yale yakabaki. Hivyo basi, waraka si sheria isiyobadilika. Ni kipimo kinachoonyesha kilichobadilika, kilichobaki, na kazi inayopaswa kurudiwa.

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika usanifu wa michezo, mali hiyo ni muda na jasho la watendaji. Waraka usiohuishwa baada ya kila badiliko huwapotosha wanaoutegemea, na kuendelea kuwaelekeza kwenye mchezo ambao hautengenezwi tena.