Je, Wajua? Hati ya Kibanja Huanzia kwa Mtendaji

Je, wajua kwamba mtu wa Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, anayetaka hati ya kibanja chake kijijini haanzii kwa Msajili wa Hati? Huanzia kwa mtendaji wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ndiyo iliyomkabidhi mtendaji masjala ya ardhi, pamoja na daftari lake. Ofisi nyingine ni chumba kimoja tu, lakini kisheria hiyo ni masjala kamili.

Hati hiyo huitwa hati ya hakimiliki ya kimila. Mwenyekiti wa kijiji husaini, mtendaji husaini, mwenye shamba naye husaini. Asiyejua kuandika huweka alama yake. Hapo bado. Lazima ifike wilayani, ambako afisa ardhi huisaini, huigonga muhuri na kuisajili. Watu wa Karagwe hufuata huduma hiyo Kayanga. Wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, wana halmashauri yao.

Kwa mwanakijiji, haki hiyo inaweza kutolewa bila ukomo wa miaka. Mwenye kiwanja cha mjini, pamoja na ramani yake nzuri ya mpima, hapewi zaidi ya miaka 99.

Na rehani je? Kwa ardhi yenye hati ya mjini, huandikwa katika daftari la Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, na deni likiisha hufutwa humo humo. Lakini nyumba ya familia, iwe ya mjini au ya kijijini, haiwekwi rehani kimya kimya: Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inadai mwenza aridhie. Mume anayemwambia afisa mikopo kwamba mkewe yuko shambani, basi akamwite kwanza.

Sharti hilo si dogo katika mkoa huu. Kwa mila ya Wahaya, mwanamke aliweza kutumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Mwanamke mmoja aliyerithi shamba la baba yake kwa wosia aliliuza mwaka 1988 kwa mtu wa nje ya ukoo, mpwa wake akamshtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba. Mauzo yakabaki halali.