Kwa nini mkulima anachelewa kubadilika? Usikimbilie kusema ni mbishi



Katika mizunguko yangu ya Sangabuye, Bugogwa na Kayenze, lalamiko ninalosikia sana kwa vijana ni hili: "Afisa, wazee wetu hawabadiliki." Kijana anataka kuweka umwagiliaji wa matone kwenye shamba la familia, mzee hataki. Kijana anataka ng'ombe wawili wauzwe aingie kwenye kizimba cha samaki, mzee anasema tusubiri. Basi kijana anahitimisha kwamba mzee ni mbishi, hana elimu.

Leo naomba tuliangalie jambo hili kibiashara. Mkulima huchelewa pale anapoona kwamba hasara ikitokea itakuwa yake peke yake. Ukilielewa hilo utajua namna ya kuzungumza na mzee, na wewe mwenyewe utajipima kabla hujaingiza hela yako.

Tuanze na historia ya hapa hapa kwetu

Kuanzia mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya, Kwimba. Wakulima waliamriwa kulima matuta yaliyounganishwa kwa vijituta vya katikati ili maji ya mvua yasikimbie, kuweka samadi, kupanda muhogo wa akiba na kupunguza mifugo. Asiyetii alitozwa faini.

Kitaalamu, matuta yale si jambo baya. Yanahifadhi maji na kuzuia udongo kuchukuliwa, hata leo tunayafundisha. Lakini watu waliyakataa. Chuki dhidi ya amri za kilimo na mifugo ilichangia vuguvugu la kisiasa la Kanda ya Ziwa, na machafuko ya Geita ya mwaka 1958 ni sehemu ya historia hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 amri zile ziliachwa.

Ukiishia hapo utasema Wasukuma ni wagumu. Sasa angalia upande wa pili. Miaka ile ile, watu wale wale walipanua kilimo cha pamba kwa kasi kubwa, wakanunua plau za kukokotwa na ng'ombe, na wengi wakahamia Geita kufungua mashamba mapya. Wakaunda pia vyama vyao vya ushirika, kwa sababu walichoka kupunjwa kwenye mizani. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana chini ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, na Paul Bomani alikuwa kiongozi wao. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko matuta, na hakuna aliyetozwa faini ili ayafanye.

Tofauti ilikuwa nini?

Kwanza, nguvu kazi. Matuta yale yalidai kazi nyingi ya jembe la mkono, tena msimu ule ule ambao kila shamba linakudai. Plau ilimpunguzia mkulima kazi na kumpa ekari zaidi.

Pili, ng'ombe walikuwa benki. Ndio akiba, ndio mahari, ndio maziwa, ndio wanaovuta plau. Kumwambia mtu apunguze ng'ombe ni sawa na kumwambia leo atoe akiba yake kwenye simu bila kumwonyesha ataiweka wapi.

Tatu, nani anabeba hasara. Matuta yakishindwa, bwana shamba anaendelea na mshahara wake, mkulima analala njaa. Kwenye ushirika, mtu aliona mzani ukimtendea haki msimu ule ule.

Nne, nani ameamua. Ushirika waliuunda wenyewe. Amri ililetwa na karani.

Si Usukuma tu

Kule Iowa, Marekani, mbegu chotara za mahindi ziliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1920. Zilizaa zaidi na zilivumilia ukame, lakini wakulima walichukua miaka mingi kuzikubali. Watafiti wawili, Ryan na Gross, walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hilo mwaka 1943. Waligundua kwamba wengi walisikia habari za mbegu kwa mara ya kwanza kutoka kwa wauzaji, lakini jirani ndiye aliyewashawishi. Na hata waliokubali walianza na kipande kidogo cha shamba, wakaongeza mwaka hadi mwaka. Hivyo hata mkulima mwenye trekta anapima kabla ya kuruka.

Turudi ziwani

Januari 2024 Rais Samia alikuwa hapa Mwanza kuzindua ugawaji wa boti na vizimba kwa mkopo. Vijana wengi wamehamasika, na mimi naunga mkono. Lakini mzee anaposita, hebu msikilize anasita kwa lipi.

Bustani ya nyanya unaweza kuijaribu kwa robo ekari. Kizimba ni kigumu kukijaribu kwa robo. Sato anahitaji miezi sita, nane au zaidi kufika sokoni, na muda wote huo anakula. Chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote. Tena yapo matukio ziwani ambapo maji ya chini yasiyo na hewa ya kutosha hupanda juu, na samaki wa kizimba wakafa kwa wingi kwa sababu hawana pa kukimbilia. Mzee anayeuliza "wakifa je?" hajakosea swali. Aliyekosea ni kijana asiye na jibu.

Kwa hiyo ufanye nini?

1. Punguza ukubwa wa jaribio. Omba robo ekari, usiombe shamba lote. Kwenye vizimba, ingieni kama kikundi, mgawane mtaji na mgawane hasara.

2. Piga hesabu ya kazi, siyo ya mavuno tu. Nani atapalilia, nani atalisha, nani atalala kwenye mtumbwi kulinda? Mpango usio na watu wa kuufanya utakufa hata kama ni mzuri.

3. Andika hasara kwanza. Weka kwenye daftari: mambo yakiharibika tunapoteza shilingi ngapi, na familia itakula nini. Mzee akiona umeifikiria hasara, ataanza kukuamini kwenye faida.

4. Mpeleke akaone. Semina yangu ya saa tatu haifikii ziara moja kwa mkulima anayefanana naye, mwenye udongo ule ule na mtaji ule ule. Na amuulize yeye, si wewe.

5. Acha njia ya kurudi. Usiuze ng'ombe wote, using'oe mihogo yote. Mabadiliko ambayo mtu anaweza kurudi nyuma ni rahisi kuyaanza.

6. Uliza kabla ya kulipa. Kwa vizimba, pata ushauri wa eneo kutoka kwa afisa uvuvi na wataalamu wa TAFIRI, na hakikisha una vibali vyote. Kina cha maji na mkondo wake si mambo ya kubahatisha.

Simaanishi kwamba kila anayechelewa ana sababu. Wapo wanaosubiri mpaka soko linajaa, wakaingia bei imeshaanguka. Kuchelewa kuna gharama yake, na hiyo nayo iandike kwenye daftari. Ila ukienda kwa mzee ukiwa na hesabu ya pande zote mbili, mtakuwa mnajadili biashara. Ukienda na neno "mbishi", mtagombana na shamba litabaki pori.

Msimu unakaribia. Kaa na wenye shamba mapema, kabla ya kwenda dukani kununua mipira ya matone. Tukutane makala ijayo.