Mgongo Unauma, Bima Yasema ni Urembo

Barua ya bima ilikuwa na mistari minne. Ombi langu la upasuaji wa kupunguza matiti limekataliwa, kwa kuwa mkataba haulipii upasuaji wa urembo. Niliisoma nikiwa stejini nasubiri matatu, mkoba nimeutundika kwenye mkono kwa sababu begani haukaliki. Bega hilo lilikuwa likiniuma kwa miaka 11.

Mwishowe bima ililipa, na tangu hapo wanawake wananijia kwa siri. Mmoja alinivuta kando arusini. Mwengine alinitumia ujumbe wa sauti akinong'ona, na yumo chumbani mwake peke yake. Swali lao ni moja: ulikuwa na mtu ndani? Sikuwa na mtu. Nilikuwa na karatasi, na mara ya kwanza nilikataliwa kwa kukosa hizo karatasi.

Tuanze na ugonjwa, maana wengi wanadhani hapana ugonjwa. Matiti yakiwa makubwa kupita kiasi, uzito unavuta mbele na misuli ya shingo na mgongo inashinda kutwa ikiuzuia. Kamba za sidiria zinachimba mifereji mabegani. Wengine vidole vinakufa ganzi. Chini ya matiti jasho halikauki, na msimu wa kaskazi, ndani ya buibui, ngozi inababuka na fangasi haiponi. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la ICD-10, hali hii ina nambari yake, N62. Orodha hiyo hiyo ina nambari nyengine, Z41.1, ya upasuaji wa plastiki kwa mtu asiyeridhika na anavyoonekana. Chumba cha upasuaji ni kile kile na daktari ni yule yule, lakini ukiandikiwa nambari ya pili, umeshajikatia mwenyewe.

Fomu yangu ya kwanza ilijazwa hospitalini haraka haraka: "upasuaji wa plastiki, kupunguza matiti." Basi. Haikutaja maumivu, wala ugonjwa, wala tiba niliyojaribu kabla. Aliyeisoma ofisini hajapata kuniona. Nilikasirika siku mbili, kisha nikakiri kwamba hata mimi ningeikataa.

Nilipotaka kukata rufaa ndipo nikaona aibu imenifanya nini. Miaka 11 ya mgongo, na ushahidi sina. Dawa za maumivu nilinunua duka la dawa bila cheti. Vipele nilipaka poda na mafuta ya nazi. Mara moja tu nilikwenda kliniki kwa ajili ya mgongo. Daktari alikuwa mwanamume, wa umri wa kaka yangu. Aliponiuliza umeanzaje, nikamwambia nilibeba ndoo ya maji. Akaandika ndoo. Bima ilipoomba historia ya matibabu yangu, karatasi ya pekee iliyokuwepo ilisema nimeumia kwa ndoo.

Nyumbani nako kulikuwa na swali lake. Mama aliniuliza, "Mwanangu, huku si kubadilisha alichoumba Mwenyezi Mungu?" Sikumjibu, nikaenda kumuuliza sheikh wa msikiti wetu kupitia kwa mkewe. Hakunipa hotuba. Aliuliza mambo mawili: ana maumivu, na daktari anasema nini? Masheikh wengi hutenganisha tiba na kujirembesha, na kumbe ndilo swali lile lile la watu wa bima. Mama alitulia. Hata ndiye aliyenisindikiza hospitali baadaye, na akamweleza daktari mambo ambayo mimi niliona haya kuyasema.

Sasa karatasi zenyewe. Nilianza upya kwa daktari wa kawaida na nikasema ukweli: maumivu yako wapi, tangu lini, yananizuia nini. Mimi ni mwalimu, kwa hivyo nilimwambia siwezi kusimama ubaoni vipindi viwili mfululizo. Maneno ya namna hiyo yaandikwe, kwa sababu "anaumwa na mgongo" ni la kila mtu. Akanipeleka fiziotherapia, nikaenda miezi mitatu, na kila siku niliyohudhuria ilitiwa sahihi. Daktari wa ngozi aliandika kuhusu vipele na dawa zilizoshindwa. Nilipigwa eksirei ya uti wa mgongo ili ijulikane hakuna sababu nyengine. Nilipimwa uzito na urefu, kwani swali la kwanza la bima ni kama ukipungua mwili matiti hayatapungua. Mimi nilikuwa nimeshapungua kilo 8, na sidiria ilikuwa ile ile. Hilo pia liliandikwa.

Barua ya daktari wa upasuaji ndiyo nzito kuliko zote. Ilitaja N62, ikaeleza tiba zilizojaribiwa, na ikakadiria ni gramu ngapi zitatolewa kila upande. Gramu zina maana yake. Mwaka 1991 daktari wa Marekani, Paul Schnur, na wenzake walichapisha makala ambayo kichwa chake chenyewe kiliuliza kama upasuaji huu ni wa urembo au wa kurekebisha mwili. Jedwali lake linalinganisha ukubwa wa mwili wa mgonjwa na uzito wa nyama inayotolewa, na bima nyingi za kule hulitumia mpaka leo. Daktari wangu aliliambatisha. Piga na picha za mabega na ngozi iliyobabuka, zipigwe hospitalini, bila uso, zitumwe na daktari mwenyewe. Usizipitishe kwa afisa wa ofisi yenu. Mwajiri hana haki ya kuona mwili wako wala faili yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti.

Jambo jengine, omba mkataba wote wa bima, si kile kikaratasi cha rangi. Soma sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Neno "urembo" utalikuta, hilo usishtuke nalo, tazama kama linafuatwa na "isipokuwa". Tazama pia "hali za kuzaliwa nazo". Mwenzangu mmoja alikataliwa kwa kifungu hicho, na matiti hakuzaliwa nayo, yalimkua alipovunja ungo. Na kama bima umeinunua mwenyewe, si ya kazini, angalia muda wa kusubiri na magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga.

Kwa walio na SHA peke yake, ambao ndio wengi wetu, njia ni nyembamba zaidi. Tangu Oktoba 2024 ilipochukua nafasi ya NHIF, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wake na hulipa ya mwaka mzima, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Upasuaji wa kupangwa unahitaji idhini kabla, na idhini inaombwa na hospitali, si wewe. Kwa hivyo kabla ya kulazwa, muulize anayeshughulikia SHA pale hospitalini ombi lako limeandikwa kwa ugonjwa gani, na uombe kuliona. Ukikubali tu kwamba "tutalishughulikia", unaweza kuamka na bili.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. SHA ni chombo cha serikali, na Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu hizo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeweka pia baraza la kusuluhisha migogoro. Kwa kampuni ya binafsi, anza na barua kwa kampuni yenyewe, na usiporidhika upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA. Mimi sikufika huko. Rufaa yangu ilikuwa na kurasa 23, na ilijibiwa baada ya wiki 7: imekubaliwa.

Haikulipa kila kitu. Daktari alipendekeza kutoa mafuta ya ubavuni pia, wakasema huo ni urembo, na hapo sikubishana. Sidiria ya kufungia kidonda na nauli za kliniki zilitoka mfukoni mwangu. Nilitolewa gramu 640 upande mmoja na 710 upande wa pili, zikapelekwa maabara kuchunguzwa kama kawaida. Makovu ninayo, na yatabaki. Hisia katika chuchu zilipungua. Anayetarajia kunyonyesha aliulize hilo mapema, kwa sababu wengine hushindwa baada ya upasuaji huu. Mabega yalitulia kabla hata nyuzi hazijatolewa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti wa jirani, ana miaka 19, kwenda kliniki. Njiani, ndani ya tuktuk, alikuwa akijizoeza atakavyosema, na mara mbili alirudi kwenye hadithi ya kuanguka ngazini. Tulipoingia alinyamaza kidogo, akatazama sakafu, kisha akasema. Daktari aliandika mistari mitatu kwenye kitabu chake. Tulipotoka nikamwambia aupige picha ukurasa ule, tarehe ionekane.